Nimerudi Dodoma ila theluji haijatoka kichwani, nyie uwanja wa nyuma huwa mnaangalia nini?

Binti_Nzuguni

Mbukwenyi wakuu, naomba msinicheke, au mkicheka basi mcheke kidogo kidogo.

Nimekaa Sweden miaka saba. Mji unaitwa Umeå, uko kaskazini juu huko, bado hujafika kwenye mstari wa Aktiki ila ukitoka asubuhi na gari mchana umeshauvuka. Nlienda kusoma, nikapata kazi, nikakaa. Mwezi wa tano mwaka huu nikarudi kwa sababu mama anaumwa miguu, na mimi ndo mtoto pekee ambaye sina ndoa kwa hiyo mnajua wenyewe kikao cha familia kiliishaje. Sijalalamika, nilitaka kurudi. Niko Nzuguni kwenye nyumba ya mama.

Shida yangu ni kwamba nimeimisi theluji. Ndo hivyo. Nikisema watu wanaona najidai, shangazi yangu mmoja alinijibu mbele ya wageni "kumbe umerudi mwili tu", watu wakacheka na mimi nikacheka, halafu nikaenda jikoni nikasimama tu nimeshika sufuria.

Nieleze kidogo kwa asiyejua. Desemba kule jua linatoka kwenye saa tatu na nusu asubuhi na saa nane mchana limeshazama, unaenda kazini giza unarudi giza, mwaka wa kwanza nlidhani ntakufa. Ila theluji ikishaanguka lile giza linabadilika, taa moja ya barabarani inamulika mtaa mzima maana chini kote ni kweupe, na watu wanatundika nyota za karatasi zenye taa madirishani, dirisha baada ya dirisha. Halafu ule ukimya. Ikianguka usiku asubuhi unajua kabla hujafungua pazia, maana magari ni kama yanapita juu ya godoro. Nlikua nakaa chini kabisa, dirisha la jikoni linaangalia nyuma kwenye ile miti yenye magome meupe, mji wote umejaa hiyo miti, waliipanda baada ya mji kuungua 1888 ili moto usiruke tena nyumba hadi nyumba. Basi kila asubuhi na kikombe changu nasimama dirishani naangalia nani kapita usiku. Kulikua na sungura anapita njia ile ile kila siku, miguu mirefu ya nyuma inatua mbele ya ile midogo, nilikua nikiiona hiyo alama naona kama nimesalimiwa.

Sasa hapa. Novemba inaisha, mvua haijashuka, joto lake mnalijua. Uwanja wa nyuma una mwarobaini mmoja, kamba ya nguo, simtanki, banda la kuku lisilo na kuku, na vumbi jekundu. Juzi rafiki yangu kanitumia picha ya theluji ya kwanza, wala sio mlima wala nini, ni pakingi ya lile jengo letu, na mtu mzima mimi nikalia kwa sababu ya picha ya pakingi.

Kuna mtu alinishauri kila usiku niandike vitu vitatu vya kushukuru kuhusu hapa hapa nilipo. Nimejaribu wiki tatu. Siku ya kwanza niliandika "jua, ndege, mama yupo". Siku ya pili "ndege, mama yupo, jua". Siku ya tano nikaandika "umeme haujakatika", ukakatika sijafunga daftari. Imekua kama kumeza mseto, unameza kwa sababu umeambiwa umalize dozi.

Kwa hiyo nauliza, nyie mnaokaa Dodoma, Singida, Manyoni huko, mkikaa nyuma ya nyumba mnaangalia nini? Msiniambie Ruaha, nauli sina na mama siwezi kumuacha. Uwanja tu, hatua ishirini kwa thelathini. Na waliowahi kuishi kwenye baridi wakarudi, hii kitu huwa inaisha?

fundi_Ipagala

Dada pole ila nimecheka mpaka wateja wamegeuka. Sisi huku tunalilia maji wewe unalilia maji yaliyoganda. Leo siku ya sita bomba linatoa upepo tu, linapuliza kama tarumbeta. Ungekuja na mizigo miwili ya hiyo theluji tungeyeyusha tukafulia

Mtu_wa_Kikuyu

(Kikuyu ya hapa Dodoma, wasije wakaanza maswali.)

Mimi nlikua Winnipeg, Kanada, miaka mitano. Dada yangu nikwambie ukweli, wewe umeimisi theluji ya dirishani. Umesahau ile ya mwezi wa tatu, imechanganyika na mchanga na mafuta ya magari mpaka ina rangi ya maji ya kuoshea masufuria. Umesahau kuamka alfajiri kupiga koleo ili mlango ufunguke. Sisi kule usiku gari unalichomeka kwenye umeme kama simu ili injini isigande, siku nimemwambia mzee hivyo kwenye simu alikaa kimya halafu akauliza "unakula vizuri lakini?"

Sasa nimeshakusema, nikujibu. Haiishi. Inapungua makali, halafu siku moja inarudi kwa kitu cha kijinga. Mimi ni harufu ya jaketi, ninalo kabatini lile kubwa la manyoya, nashindwa kuligawa, mke wangu anasema linamaliza hanga nne.

Kilichonisaidia mimi ilikua mwezi wa saba. Watu wanaijua Dodoma kwa joto ila Julai usiku inashuka mpaka nyuzi 13 hivi na upepo juu, na mimi nilianza kutoka saa kumi na moja alfajiri najifunika shuka la kimasai, chai ya tangawizi mkononi, nakaa kwenye tofali nyuma ya nyumba. Majirani walidhani nimefukuzwa ndani. Sio Winnipeg, hata kidogo, ila pua inapata ubaridi kidogo na mwili unakumbuka. Sasa wewe umerudi mwezi wa tano, ina maana Julai hiyo umeshaipita, ulikua wapi? Ulikua umelala. Subiri ya mwakani.

Jembe_la_Manyoni

Theluji si ipo Kilimanjaro, panda basi. Watu mna matatizo ya kifahari

Binti_Nzuguni

@Mtu_wa_Kikuyu kaka yangu, Julai nilikua nashinda hospitali na mama, baridi nliisikia kwenye benchi la korido haikunifurahisha. Ila hiyo ya tofali nimeiandika.

@fundi_Ipagala pole kwa maji, kwetu jana yalitoka saa nane usiku.

@Jembe_la_Manyoni sawa mkuu.

ticha_wa_bios

Jembe punguza ukali, mtu kauliza vizuri. Na hiyo ya Kilimanjaro kwanza sio basi tu, kuna ada za hifadhi, wapagazi, siku tano sita, na barafu yenyewe inazidi kupungua. Tena inachekesha, mwaka 1848 mmisionari Rebmann aliandika kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro na wataalamu wa London wakambishia kwa miaka, eti karibu na ikweta haiwezekani, wakati Wachaga wanaiangalia kila asubuhi wakienda shamba. Anayetaka baridi ya karibu kidogo aende Kitulo kule Makete mwezi wa sita au wa saba, majani asubuhi yana barafu. Ila dada kasema hawezi kusafiri kwa hiyo hii niifunge.

Dada, mimi nafundisha Kongwa na huwa nawaambia wanafunzi wangu waangalie nyaya za umeme. Una nyaya karibu? Sasa hivi wapo mbayuwayu. Sio wale wa kwetu wanaojenga kwenye madaraja mwaka mzima, nasema wale wenye mgongo wa bluu ya kung'aa, koo jekundu la kutu, mkia kama uma. Hao wanatoka Ulaya na Asia, wanafika huku kuanzia Septemba Oktoba wakikimbia hiyo hiyo baridi unayoililia wewe, Machi Aprili wanarudi kuzaa. Ndege wa gramu ishirini, uzito wa kama vijiko vitatu vya chai vya chumvi, anavuka Sahara. Siwezi kukuambia hao wa Nzuguni walizaliwa Umeå, mbayuwayu wa Ulaya wengi wanashuka mpaka kusini kabisa ya Afrika, lakini kuna uwezekano mmoja wao alikula mbu wa kwenye ziwa lenu la kiangazi.

Halafu angalia mibuyu. Nzuguni kuna mibuyu bado, kama hawajaikata kwa ajili ya viwanja. Kipindi hiki inatoa maua, meupe, makubwa kama kiganja, yananing'inia. Yanafunguka jua likizama, usiku popo wanakuja kunywa asali yake na kubeba chavua, kesho yake yameshaanza kunyauka yanadondoka. Kwa hiyo ukipita asubuhi unakuta chini kuna vitu vyeupe vimetapakaa kwenye udongo mwekundu. Harufu yake wengine hawaipendi, mimi naona kama maziwa yaliyolala.

Na kuhusu ule ukimya, ni kweli kabisa sio hisia zako tu. Theluji mpya imejaa hewa katikati ya vipande vyake, sauti inaingia mle inapotelea, kama kwenye sponji. Ikishakandamizwa na kuganda inaacha kufanya hivyo.

Binti_Nzuguni

Ticha asante mnooo. Nyaya zipo mbele ya nyumba na nimetoka sasa hivi na simu mkononi kuangalia, wapo kumi na moja! Wengine koo sijaliona vizuri. Nimewaambia "hej" (salamu ya Kiswidi) nikajisikia chizi.

Jirani ana mkrismasi umeanza kuwaka mwekundu, hilo nakiri ni zuri. Kule Desemba rangi nyekundu pekee ilikua taa za breki.

ticha_wa_bios

Mkrismasi nao mgeni, asili yake Madagaska. Kila mtu hapa katoka mahali

mjukuu_wa_Mpunguzi

Habari zenu. Mimi namsomea bibi uzi huu tangu jana, bibi ana miaka themanini na kitu, analima zabibu Mpunguzi, macho hayasomi simu ila maneno anayo. Kasema niandike kama anavyosema nisiongeze, kwa hiyo hapa chini ni yeye.

"Mwambie huyo mjukuu wangu pole kwa mama. Mwambie aache kuandika vitu vitatu. Nani kamwambia vitatu, kwani anahesabiwa? Mwambie kwanza, hicho anachokililia mimi nimekielewa. Ameongea maneno mengi ya baridi na taa lakini sauti yake imebadilika alipofika kwa sungura. (Hapa nlimwambia bibi hakuna sauti ni maandishi, kasema ndio hivyo hivyo.) Huyo alikua anasoma chini. Sasa amekuja hapa anaona vumbi tu kwa sababu hajalifagia.

Achukue ufagio wa nje, ule wa vijiti. Saa kumi na moja jioni afagie uwanja wote, takataka zote, majani yote, afagie anarudi kinyumenyume asiache mguu wake. Akifika mlangoni aingie ndani. Asubuhi asitoke mtu kabla hajasimama mlangoni akaangalia. Basi.

Sisi tumekulia kwenye tembe, na tulifanya hivyo sio kwa raha, ni kwa sababu ya fisi na nyoka. Baba asubuhi anasimama anasema fisi kapita huku, wawili, mmoja anachechemea, wamezunguka zizi wameondoka. Mimi nikajua kusoma hayo kabla ya kujua a e i o u. Mbwa anaacha kucha, paka haachi, kucha zake anazirudisha. Njiwa vidole vitatu mbele kimoja nyuma na anatembea kama anayehesabu pesa. Jongoo anashona, mishono miwili sambamba. Panya kuna mstari wa mkia katikati. Nyoka wengi wanajipinda lakini ukiona mstari umenyooka tu, mpana, kama mtu kaburuta mtwangio, hapo mwite mtu mwenye fimbo ndefu, huyo ni kifutu, yeye ni mzito hajisumbui kujipinda. Na chini ya upenu pale vumbi lilipo laini kama unga ataona vishimo kama faneli, asivifagie, kuna kidudu kimekaa chini kinangoja sisimizi adondoke.

Na hilo la majira. Wanasema hapa hakuna baridi ya kulaza miti. Ni kweli. Zabibu huko kwao Ulaya inalazwa na baridi, inapukutisha majani inalala, hapa hailali, ukiiacha inaendelea tu mpaka inachoka. Kwa hiyo tunachukua mkasi tunapogoa, tunaitoa matawi inabaki kama vijiti vya kuchomea mishkaki, inashtuka inaanza upya, ndio maana tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mwaka wa kwanza nilipopogoa nililia, niliona nimeiua. Mwambie na yeye amepogolewa."

Kamaliza, sasa anataka uji. Samahani kwa urefu.

Jembe_la_Manyoni

Bibi kanyoosha uzi. Heshima yake

dr_vumbi

Ila kwetu kufagia jioni ni mwiko, unafagia riziki unaitupa nje. Mama angu angenipiga na huo ufagio

mjukuu_wa_Mpunguzi

Bibi anasema mwiko ni usiku, saa kumi na moja jua bado lipo. Na kasema uulize mama yako, riziki ya uwanja wa nyuma ilikua nini, majani ya mwarobaini?

fundi_Ipagala

Hahahaha dr vumbi kalale. BTW maji yametoka

Binti_Nzuguni

Nimesoma ya bibi mara nne na ya mwisho nimemsomea mama. Mama katulia halafu kasema "huyo mwanamke wa tembe kweli". Shikamoo bibi.

Hilo la kupogolewa sijui nilijibuje, niliacha simu kwanza nikaenda kuosha vyombo.

Jana nimefagia. Imechukua saa nzima maana uwanja tangu mwezi wa tano nlikua naupita tu, nimetoa mifuniko ya soda, kiatu kimoja cha mtoto, majani ya kujaza kiroba. Leo asubuhi nimesimama mlangoni na kikombe kama zamani nikitegemea niandike mambo makubwa hapa. Nimekuta NDALA. Nyayo za ndala kutoka kwenye ukuta uliobomoka mpaka geti dogo, zinaenda na kurudi. Kumbe kijana wa jirani kila usiku anakatiza kwetu kwenda kuangalia mpira. Nimemuuliza akabisha nikamuonyesha, kaganda.

Nafagia tena leo.

Mtu_wa_Kikuyu

Umeanza na ushushushu, safi sana. Huyo sungura wa Nzuguni kavaa ndala

Binti_Nzuguni

Nimerudi, najua ni siku nyingi, zaidi ya wiki mbili.

Nimefagia kila jioni isipokua mbili. Naandika haya nikiwa nimechoka kwa hiyo yatakua hayana mpangilio. Kuna kunguru mmoja anatua sehemu moja karibu na simtanki pale penye unyevu, ana kidole kimoja hakipo, nimemjua. Kuna paka sio wetu, anakuja usiku, anazunguka banda la kuku mara moja na kuondoka, yani kila siku anahakikisha kama kweli hamna kuku. Kuna jongoo wa bibi na mishono yake. Siku ya nane kulikua na mstari umenyooka, nikamwita kijana wa ndala na fimbo ndefu tukatafuta nusu saa tukiwa tumepauka, kumbe mama mpangaji alikua kaburuta gunia la mkaa saa kumi na mbili asubuhi kabla sijaamka. Nilimwambia hairuhusiwi tena, kanitazama kama nimerukwa.

Na mama. Mama hawezi kutembea mbali ila mlangoni anafika na kigoda. Mwanzo alikua ananionea huruma tu, anasema mwanangu unafagia kama umeposwa. Sasa anaamka kabla yangu. Nakuta kashakaa hapo, khanga mabegani, nikitokea na vikombe anasema "leo wamekuja wawili" na anasubiri niwatafute mwenyewe hanionyeshi. Macho yake ya mbali ni mazima kabisa, sikujua. Anajua vitu ambavyo hakuwahi kunifundisha kwa sababu mimi nilipelekwa bweni darasa la tano.

Halafu juzi mvua. Mlioko Dodoma mliiona, ilianza kwenye saa kumi, upepo kwanza, mabati yanapiga, halafu ile harufu, halafu ikashuka yote kwa mkupuo. Nlisimama kwenye upenu nikawa nafikiria kitu, Umeå na Dodoma kwa mwaka mzima maji yanayoshuka kutoka juu hayapishani sana, kote kuwili ni kwenye milimita 600 au pungufu kidogo. Tofauti kule yanakaa. Yanakaa chini miezi mitano yanakungoja uyaangalie. Hapa dakika arobaini yamepita uwanjani yamebeba vumbi langu lote nililofagia yameingia korongoni yameondoka. Nilikasirika kidogo kusema kweli, uwanja wangu wote umefutika.

Usiku wake kumbikumbi. Umeme ulikuwepo (nagonga mbao). Nilikua nimesahau kabisa kumbikumbi, miaka saba. Walijaa kwenye taa ya nyuma wanazunguka, na mabawa yanadondoka mepesi yanakuja yanazunguka kwenye mwanga wa taa, na nikasimama pale. Nyie mnajua nliona nini, sihitaji kusema. Nikamwita mama aje aone na mama hakuja kuona, mama kapiga kelele "weka beseni la maji chini ya taa unasubiri nini!" Tumekusanya karibu beseni nusu. Kakaanga mwenyewe amekaa kwenye kigoda, chumvi tu, bila mafuta maana wana mafuta yao, tukala saa nne usiku na ugali wa mchana. Kijana wa ndala alipewa bakuli.

Asubuhi nilikuta mabawa yametapakaa kibarazani kote, tabaka, ukipita yanaruka. Niliyaacha mpaka saa nne ndo nikafagia.

Sijaacha kuimisi theluji. Leo wametuma picha nyingine nimeiangalia mara kumi. Ila daftari sijaliandika tangu siku ile ya ndala na sijalitafuta.

Sasa kilichonileta. Udongo umekauka juu ila bado una unyevu, unashika alama kuliko vumbi, na leo kuna mpya. Ndogo sana, kama mkono wa mtoto mchanga aliyezaliwa njiti, mbele vidole vitano, nyuma naona vinne. Hatua fupi fupi, zimetoka chini ya banda la kuku zikafuata ukuta, zikasimama pale taa ilipokua, zikazunguka zunguka sana pale kwenye mabaki ya kumbikumbi, zikarudi. Hakuna mkia. Panya sio. Ticha? Bibi?

ticha_wa_bios

Vinne nyuma una uhakika? Kama ndio mimi ninalo jibu ila namuachia bibi

Jembe_la_Manyoni

Tuma picha basi

Binti_Nzuguni

Vinne, nimepiga magoti kuhesabu. Picha haitoki vizuri jua likiwa juu.

mjukuu_wa_Mpunguzi

Bibi hakungoja hata nimalize kusoma. "Kalunguyeye. Alikua amejificha kiangazi chote hapo chini ya banda, mvua imemtoa. Msimfukuze wala msimpe maziwa, anakula wadudu, ana kazi yake." Kasema pia umsalimie mama, na majani unayofagia usiyatupe mbali, yaweke pale pembeni ya ukuta anapita humo.

ticha_wa_bios

Ndiye. Na huyo dada ana ndugu zake Sweden, ila wale wanalala msimu wote wa baridi, ndio maana hukuwahi kumuona kwenye theluji yako.

Binti_Nzuguni

Mama alisema kalunguyeye tangu asubuhi, nikamwambia ngoja nihakikishe. Sasa nampelekea simu asome mwenyewe, atanisema wiki nzima.